Upembuzi wa Picha na Maneno Yake: Mfano wa Nchi ya Ufipa

Watu wapendao kupiga picha kwa kujifurahisha, pasipo kutafuta ujira, wamezoea kuzipeleka picha zao katika ghala za pamoja ambamo mtu yeyote aweza kuzitazama na kuzitumia. Mojawapo ya ghala kubwa za namna hiyo ni Wikimedia Commons, iliyofunguliwa Septemba 2004, nayo ndiyo inayotoa picha kwa Wikipedia za lugha zote, pamoja na ile ya Kiswahili iliyoanza mwaka 2003. Picha ikishafika humo, watu wengine, nao ni wa kujitolea, huikagua. Yaweza kubaki kama ilivyo, yaweza kusahihishwa maneno yake, au yaweza kuondolewa.

Kazi hiyo ya ukaguzi haijapata jina moja lililokubaliwa na wote katika Kiswahili, tena mara nyingi hudhaniwa kuwa ni kazi ya jicho tu. Makala haya yaeleza kwamba ni kazi ya lugha zaidi kuliko kazi ya jicho. Mfano uliochaguliwa ni wa Sumbawanga na uwanda wa juu wa Ufipa, mkoani Rukwa, kwa kuwa picha za huko huweza kuhukumiwa na watu wasiopata kufika huko, na kosa moja la maneno laweza kusambaa mbali kabla halijasahihishwa.

1. Jina la kazi yenyewe

Kiswahili hakina upungufu wa maneno ya kutenga kilicho chema na kisicho chema, bali kila neno lina chombo chake na namna yake ya kufikiri. Kuchuja ni kwa kitu cha majimaji: tui hupita katika kifumbu, chicha hubaki. Kuchekecha ni kwa unga, na chekeche ndiyo inayoamua. Chembe ndogo hupita na kubwa hubaki, wala mkono wa mwenye kuchekecha hauchagui. Kupepeta ni kwa nafaka katika ungo, na upepo ndio unaochukua makapi. Kuchambua ni kwa pamba, karafuu au mboga, kimoja kimoja kwa vidole. Kupembua huja nyuma ya kupepeta: mchele umekwisha kuwa safi kwa mtazamaji wa haraka, lakini mna chuya na vijiwe ambavyo upepo haukuviweza, na hapo hapana budi ungo utikiswe kwa ujuzi na macho yafuate punje.

Tofauti hizi zafaa kuhifadhiwa, kwa sababu kazi za ghala ya picha nazo ni tofauti. Mashine yaweza kuikataa picha iliyokwisha kuletwa, kwa kuona kwamba faili yake ni ile ile. Hiyo ni kazi ya chekeche. Mashindano ya picha, kama yale ya Wiki Loves Africa yaliyoanza mwaka 2014, yana waamuzi wanaotafuta picha bora. Huo ni mchujo, na neno hilo limekwisha kuzoeleka katika michezo na katika uchaguzi. Lakini kuitazama picha moja pamoja na maneno yake, na kuuliza kama viwili hivyo vyapatana, si kuchekecha wala si kuchuja. Ni kupembua. Kwa hiyo hapa mwenye kazi hiyo ataitwa mpembuzi, na mwenye kuleta picha ataitwa mpelekaji.

Wikipedia ya Kiswahili humwita mtu aliyepewa mamlaka ya kufuta na kufunga kurasa mkabidhi. Neno hili lina mashaka kidogo. Kwa matumizi ya leo kukabidhi ni kumtilia mtu kitu mkononi, na kwa maana hiyo aliyepewa angepasa kuitwa mkabidhiwa. Lakini asili ya neno katika Kiarabu ni kushika na kufumbata, na katika Kiswahili cha zamani mkabidhi aliweza kuwa yule aliyeshika amana ya watu. Maana hii ya pili ndiyo inayofaa, maana picha ni ya mpelekaji na jina lililo katika picha ni la wenye mahali pale. Mpembuzi ameshika tu.

2. Mahali

Swali la kwanza la mpembuzi ni hili: picha hii ni ya wapi? Katika nchi ya Ufipa swali hilo si jepesi. Uwanda wake umeinuka kati ya maziwa mawili, Tanganyika upande wa magharibi na Rukwa upande wa mashariki. Mji wa Sumbawanga uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hali maziwa yote mawili yapo karibu na mita 800 tu. Mtu akitelemka ukingo wa uwanda kwenda upande wo wote, baridi humwacha na joto humpokea. Nyasi za uwandani huisha, na mimea ya bondeni huanza. Kwa hiyo picha mbili zilizopigwa siku moja katika wilaya moja zaweza kuonekana kama za nchi mbili.

Tena jina Rukwa lina maana tatu: ni ziwa, ni bonde, na ni mkoa. Mkoa uliundwa mwaka 1974. Mpanda ilikuwa ndani yake hata mwaka 2012, Mkoa wa Katavi ulipoanzishwa. Upande wa kusini mashariki Mkoa wa Songwe uliundwa mwaka 2016 kwa kugawanywa Mbeya, na sehemu ya pwani ya Ziwa Rukwa imo katika mkoa huo. Basi picha ya wavuvi wa Ziwa Rukwa yaweza kuwa si ya Mkoa wa Rukwa, na picha ya Mpanda ya mwaka 2005 iliyoandikwa “Mkoa wa Rukwa” haina kosa kwa siku ile iliyopigwa. Mpembuzi asiyejua miaka hii ataharibu maelezo yaliyo sahihi, akidhani anasahihisha.

Yako makundi ya wapiga picha waliolifanya swali la mahali kuwa msingi wa shughuli yao yote. Mradi wa Degree Confluence, ulioanzishwa na Alex Jarrett mwaka 1996, huwataka watu wafike mahali ambapo mistari kamili ya latitudo na longitudo hukutana. Mgeni sharti afike ndani ya mita 100 za nukta hiyo, apige picha za pande nne za dunia na picha ya chombo kinachoonyesha vipimo vya mahali, kisha aandike habari ya safari yake. Ndipo waratibu hutazama kama ushahidi unatosha. Mradi wa Geograph, ulioanza mwaka 2005 kwa ajili ya visiwa vya Uingereza na Ireland, uliigawa nchi katika miraba ya kilometa moja moja, na wapembuzi wake huuliza kama picha yaonyesha sura ya nchi iliyo ndani ya mraba uliotajwa. Mstari wa latitudo 8 kusini wapita kilometa chache tu kusini ya mji wa Sumbawanga, na kanuni hizo zatoa mafunzo kwa kazi ya huko.

Funzo kubwa ni kwamba mahali pa kamera na mahali pa kitu si pamoja. Mtu asimamaye ukingoni mwa uwanda hupiga picha ya bonde lililo chini sana na ziwa lililo mbali zaidi. Vipimo vilivyoandikwa na kamera ni vya mguu wake, wala si vya ziwa. Hapa Kiswahili kina hazina ambayo wapelekaji wengi hawaitumii, nayo ni viambishi vya mahali. “Ukingoni pamepigwa picha,” “kule chini kwaonekana ziwa,” “msituni mna ukungu”: pa, ku na mu zatenga mahali panapojulikana hasa, upande usio na mipaka, na ndani ya kitu. Maelezo yaandikwayo kwa uangalifu huo humpunguzia mpembuzi nusu ya kazi.

Maporomoko ya Kalambo ni mfano mwingine. Maji yake huanguka zaidi ya mita 200, nayo yapo mpakani mwa Tanzania na Zambia. Picha ya maporomoko hayo yaweza kupigwa upande wo wote wa mto. Mahali pa kale palipochimbwa na J. Desmond Clark tangu mwaka 1953, ambapo mwaka 2023 ilitangazwa habari ya mbao zilizounganishwa na watu miaka 476,000 iliyopita, pako upande wa Zambia, juu ya maporomoko. Anayeandika “Kalambo, Tanzania” chini ya picha ya mbao hizo amekosa. Anayeandika hivyo chini ya picha ya maji yenyewe amesema nusu ya kweli.

3. Jina la kitu

Swali la pili ni: kinachoonekana ni nini? Wafipa walikuwa mafundi mashuhuri wa chuma. Tanuru walizoyeyushia mawe ya chuma zilijengwa kwa udongo, zikainuka hata mita 3 hivi, nazo zilipata hewa kwa matundu ya chini pasipo kuvuviwa kwa mivukuto. Kwa Kifipa tanuru hiyo ni ilungu, na zikiwa nyingi ni malungu. Baadaye chuma kilitakaswa katika tanuru ndogo iliyotumia mivukuto. Kazi hiyo ilififia katika karne ya 20, nayo mabaki ya malungu bado yapo uwandani. Ilungu lililobomoka, kwa mtu asiyelijua, laweza kuwa kichuguu, na aliyeambiwa kwamba ni tanuru aweza kuandika “tanuru ya matofali.” Picha ni ile ile katika hali zote tatu. Lililobadilika ni neno, na neno ndilo litakaloamua kama mtafiti wa historia ya chuma ataipata picha hiyo au itazama katika fungu la wadudu.

Jambo jingine la kuangaliwa ni kwamba kazi ya kuyeyusha chuma imepata kufanywa tena kwa ajili ya kuwaonyesha watafiti. R. C. Greig alichapisha habari za uyeyushaji wa chuma wa Ufipa katika Tanganyika Notes and Records mwaka 1937, na wengine walifuata. Picha ya maonyesho ya namna hiyo ni ushahidi mwema wa ufundi, lakini si ushahidi kwamba kazi yenyewe ilikuwa ikiendelea mwaka ule. Maelezo hayana budi kusema wazi kwamba ni maonyesho.

Kadhalika kuna kilimo cha matuta ya duara, ambayo Wafipa huyaita intumba: nyasi hufunikwa kwa udongo, zikaoza, zikawa mbolea ya mazao. Shamba la matuta hayo, likitazamwa kabla ya kuota kitu, laweza kudhaniwa makaburi na mtu asiyejua. Na katika Msitu wa Mbizi, karibu na Sumbawanga, wamo mbega wekundu. Mbega wekundu wa Tanzania si namna moja: wako wa milima ya Udzungwa, na wako wa Unguja ambao wenyeji huwaita kima punju. Mpelekaji akiandika “mbega mwekundu” tu, pasipo kutaja msitu, amewapotosha wataalamu wa wanyama. Na mpembuzi akibandika jina la mbega wa Unguja, aliye maarufu zaidi katika picha, ameongeza kosa juu ya upungufu.

Mifano hii yaonyesha kwamba neno la mwenyeji halipasi kufutwa kwa sababu mpembuzi hakulikuta katika kamusi. Kanuni ya Wikimedia Commons ni kwamba majina ya jamii za picha huandikwa kwa kawaida kwa Kiingereza, ila maelezo yaweza kuwa kwa lugha yo yote, na tangu mwaka 2019 kila picha yaweza kuwa na maelezo mafupi katika lugha nyingi kwa pamoja. Basi ilungu na intumba zina mahali pake. Mtu aliyeandika kwa Kifipa na Kiswahili amefanya wajibu wake. Wa tafsiri ni mwingine.

4. Picha za zamani

Mwezi wa Desemba 2008 Hifadhi ya Nyaraka ya Shirikisho la Ujerumani ilitoa picha zaidi ya 80,000 kwa Wikimedia Commons, na miongoni mwake zimo za makoloni. Maelezo ya asili yaliachwa kama yalivyo, pamoja na onyo kwamba yaweza kuwa na makosa au upendeleo wa nyakati zake. Njia hiyo ni ya busara, nayo si ngeni kwa wasomaji wa miswada ya Kiswahili kwa hati ya Kiarabu: neno la mwandishi wa kwanza halifutwi, bali sahihisho huwekwa kando. Akilifuta, mhariri ameharibu ushahidi wa jinsi watu wa zamani walivyoona. Akiliacha pasipo sahihisho, amelirudia kosa.

Kwa Ufipa liko jina moja linalodai uangalifu wa pekee, nalo ni Bismarckburg. Wajerumani waliiita hivyo boma yao ya Kasanga, kwenye pwani ya Ziwa Tanganyika. Lakini kituo kingine kilichoitwa Bismarckburg kilikuwako Togo, katika Afrika ya Magharibi, tangu mwaka 1888. Picha ya zamani yenye jina hilo peke yake haiwezi kuwekwa katika jamii ya Rukwa mpaka ipatikane dalili nyingine: ziwa, jina la mpiga picha, au jina la kikosi. Mpembuzi asiyetafuta dalili atawapa watu wa Kasanga mababu wasio wao.

5. Jina la mji

Wenyeji hueleza kwamba jina Sumbawanga latokana na maneno ya Kifipa yenye maana ya “tupa uchawi.” Kwa maelezo hayo jina ni amri au onyo: aingiaye aache uchawi nje. Lakini nje ya Ufipa habari imegeuzwa, na mji umepata sifa mbaya ya kuwa mji wa wachawi. Sifa hiyo huandikwa chini ya picha za kawaida kabisa: soko, kituo cha mabasi, mzee aliyeketi mbele ya nyumba yake.

Hapa ndipo kazi ya mpembuzi inapopimwa. Picha yenyewe haina kosa. Soko ni soko la kweli, na limepigwa mahali palipotajwa. Mpembuzi atazamaye kwa jicho tu ataipitisha. Mpembuzi mkali asiyefikiri ataifuta picha pamoja na maneno yake, na mji utapungukiwa na picha moja. Lililo haki ni kuiacha picha na kuyaondoa maneno yasiyoonekana ndani yake. Kanuni yaweza kuelezwa kwa ufupi: maelezo yaseme yale ambayo picha yaonyesha au ambayo yana ushahidi mwingine, wala yasimtwike mtu aliyemo sifa asiyokuwa nayo. Mzee aliyeketi mbele ya nyumba yake hakupiga picha ili aitwe mchawi, na katika nchi ambayo wazee wamepata kuuawa kwa kushukiwa uchawi, neno kama hilo si mzaha.

6. Mtu aliyemo ndani ya picha

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda aliyeifanya kazi; ndiyo sababu mpembuzi huuliza kama mpelekaji ndiye mpiga picha, na hukataa picha iliyonakiliwa kutoka gazetini. Lakini haki ya mpiga picha si haki ya aliyepigwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imelileta jambo hili mbele zaidi, kwa kuwa habari zinazomtambulisha mtu haziwi tena mali ya kila aziokotaye.

Hatari kubwa ya Ufipa ilikuwa juu ya watu wenye ualbino. Katika muongo wa kwanza wa karne hii na baada yake, watu hao waliuawa na kukatwa viungo katika mikoa kadhaa ya Tanzania, na Rukwa ulikuwa mmoja wa mikoa iliyokumbwa. Picha ya mtoto mwenye ualbino, nzuri kwa nuru na kwa utunzi, yaweza kubeba ndani ya faili yake vipimo vya mahali alipopigwa, na maelezo yaweza kutaja kijiji na shule. Hapo wema wa mpelekaji, aliyetaka kuonyesha uso wa furaha, waweza kuwa ramani mkononi mwa mtu mwovu. Kanuni ya mahali iliyosifiwa hapo juu yageuka: kwa jiwe, mto na ilungu, vipimo kamili ni fadhila, kwa mtoto huyu, ni hatari. Mpembuzi hana budi kuondoa vipimo na jina la kijiji, na kuuliza habari za ridhaa ya wazazi. Jibu lisipopatikana, picha iondolewe. Wala asingoje mjadala wa siku 7 uliozoeleka kwa picha za kawaida.

7. Mwisho

Maswali manne yametajwa: picha ni ya wapi, ni ya nini, ni ya lini, na yamhusu nani. Hakuna hata moja lijibiwalo kwa kutazama picha peke yake. Kila moja huhitaji jina, na majina ya Ufipa yamo katika Kifipa, katika Kiswahili, katika Kijerumani cha maboma, na katika tarehe za mipaka ya mikoa. Kwa hiyo wajuzi wa lugha wana deni katika kazi hii ambayo mpaka sasa imeachiwa wapenda kamera.

Mambo mawili yaweza kufanywa kwa urahisi. La kwanza ni kuweka istilahi: upembuzi kwa ukaguzi wa picha na maneno yake, mchujo kwa mashindano, na kuchekecha kwa kazi ya mashine. La pili ni kukusanya orodha za majina ya vitu na ya mahali kutoka kwa wenyeji, zikiwa na maana yake kwa Kiswahili, ili mpembuzi aliye mbali awe na mahali pa kuuliza. Orodha ya maneno mia mbili ya Kifipa kuhusu chuma, kilimo, misitu na ziwa, ikiandaliwa na wazee wa Namanyere, Matai, Laela na Sumbawanga, ingeokoa picha nyingi zisiitwe vichuguu na makaburi, nayo ingewapa wenye nchi neno la mwisho juu ya majina ya vitu vyao.